Lakiri ya Sanduku la Kulia

Jumamosi ile Almut Dippel alipofika karakanani alikuta kabati la vifaa limetiwa kufuli. Kufuli jipya, la kung'aa. Tangu chama chao cha wapenda mashine kuukuu kianzishwe kabati lile lilikuwa likifungwa kwa kipande cha waya, na waya wenyewe ni wa kuzuia mlango usijibamize upepo ukivuma. Almut akaweka keki yake ya plamu mezani, akafungua vifungo vya koti polepole, huku macho hayabanduki kwenye kufuli.

"Ufunguo anao nani?" akauliza.

Heiner Gundlach, mkulima mwenye ghala lile lililogeuzwa karakana, alikuwa amekalia tairi la trekta akimenya soseji kavu kwa kisu. "Anao Burkhard."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi." Akajifanya ngozi ya soseji imemshinda. "Mimi nimetoa ghala tu, Almut. Mambo ya kufuli usinitie."

"Sijakuuliza mambo. Nimekuuliza ufunguo."

Heiner akakata kipande, akakitazama, hakukila. Nyuma yake kifaru cha jeshi, kile ambacho chama kilikuwa kinakifufua, kilikuwa kimekaa mlangoni nusu ndani nusu nje, upande wa kushoto umeinuliwa kwa magogo, mnyororo umevuliwa na kulazwa chini. Mzinga wake ulishakatwa na kuzibwa zamani, kama sheria ya Ujerumani inavyotaka. Ng'ombe wa Heiner sasa walikuwa wanazungushwa nyuma ya ghala, maana mlango mkubwa umezibwa na chuma cha vita.

Akaingia Burkhard Vaupel, mwenyekiti, wakala wa bima aliyestaafu, mwanamume msafi ambaye hata ovaroli lake hupigwa pasi. "Habari za asubuhi, Bi Dippel," akasema.

Almut akahisi kama amemwagiwa maji. Miaka na miaka walikuwa wakiitana kwa majina, Almut na Burkhard, tangu jioni ile walipogonganisha glasi kwa ajili hiyo, maana kwa watu wa kule ukishampa mtu jina lako hulichukui tena. Leo amerudishwa kuwa Bi Dippel, kama mgeni aliyekuja kukata bima ya nyumba.

"Nzuri," akajibu. "Na wewe, Bwana Vaupel, umekuwaje?"

Burkhard akakohoa. "Baada ya kahawa tuna kikao. Kuna hoja ya kukuondoa chamani. Nimeona ni haki uisikie kwangu kwanza."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwezi uliopita, Jumapili, kifaru kile kilikuwa kitembee kwa mara ya kwanza tangu vita. Kijiji kizima kilikuja, bia zikaja, bendi ya zimamoto ikaja na matarumbeta yake. Injini ikanguruma mpaka madirisha ya kanisa yakatetemeka. Kifaru kikasogea, kikafika mlangoni, dereva akakata kushoto, na hapo ubavuni mwa kifaru ikatoka sauti kama jiwe lililotumbukia kwenye kinu cha kahawa. Kikakwama palepale. Bendi iliendelea kupiga kidogo, kisha nayo ikaona haya.

Walipolifungua sanduku la gia la kushoto, lile la mwisho linalopeleka nguvu kwenye gurudumu lenye meno, walikuta meno yamenyofoka, na chini, ndani ya grisi, kokoto na unga wa msasa, ule wa kusugulia chuma. Kokoto ndani ya gia! Hata mtoto anajua haziingii zenyewe.

Na juu ya bolti za kifuniko ilikuwapo mistari ya njano.

Hapo ndipo penye shida. Katika chama kile kila anayekaza bolti huchora mstari mwembamba wa rangi, kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona. Tena kila mwanachama ana rangi yake: Burkhard bluu, Jochen Wickert nyekundu, Almut njano. Mistari ya njano siku ile ilikuwa mizima, yote, haijakatika hata mmoja. Maana yake, baada ya Almut hapakuwa na mkono mwingine uliolifungua sanduku lile.

Sasa huyu Almut ni nani, hata watu wamdhanie hivyo?

Alizaliwa katika mji wa Kassel, miaka michache baada ya vita, katika mtaa uliojengwa juu ya vifusi. Baba yake alikuwa fundi kiwandani, wakati wa vita na baada ya vita. Kwanza kiwanda kiliunda vifaru, baadaye malori. Almut akiwa mdogo aliwahi kumuuliza, "Baba, zamani zile ulikuwa unatengeneza nini?" Baba akajibu, "Gia. Gia ni gia." Mama akamwongezea supu sahanini, na neno likafia hapo. Mtoto wa nyumba ile alijifunza mapema kwamba kuna maswali yanayojibiwa kwa supu.

Akasomea kuchonga gia katika karakana ya mabasi, msichana peke yake kati ya wavulana. Walimficha spana, walimtia grisi kwenye mkate. Alikula mkate na grisi yake mbele yao, akapangusa mdomo, akaomba chumvi. Hawakumficha kitu tena. Akaolewa na Volkmar, mtu wa kucheka na kupenda mashine kuukuu, mmoja wa waanzilishi wa chama kile. Kila Jumamosi Volkmar alienda na spana, Almut akaja saa ya kahawa na keki. Jochen, fundi wa malori mwenye ulimi mkali, alimbatiza jina: Bi Keki.

Volkmar akaugua, akafa. Jumamosi baada ya mazishi Almut akaja na keki kama kawaida, lakini mkono wa pili ulikuwa umebeba mfuko wa spana.

"Hee, Bi Keki! Leo tunaoka nini?" Jochen akauliza.

"Leo nakufundisha kushika spana," Almut akasema. "Keki ni yako ukifaulu."

Wakacheka, wakampa kazi ya gia. Kazi hiyo Jochen alikuwa ameikodolea macho tangu Volkmar alipolazwa. Hakusema kitu. Jochen akinyamaza ndipo mtu aangalie mgongo wake.

Kisha masika iliyopita walipiga kura: je, kifaru kitembee au kisimame tu kama kumbukumbu? Mikono yote ilitaka kitembee, isipokuwa mmoja. "Kipakeni rangi, kisimame, watu wakitazame na wafikiri," Almut alisema. "Kutembea kilishatembea kwingi." Alishindwa, akakubali, akaendelea na kazi. Lakini mtu anayetafuta sababu haitafuti mbali. Mwenye kupinga kifaru kisitembee, na mistari ya njano, na kokoto. Hesabu ilikuwa imejijumlisha.

Basi asubuhi ile Burkhard alipotoka kwenda kuwapokea wanachama wengine, Almut alibaki karakanani peke yake. Heiner alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe. Na hapa nitasema alichofanya, ingawa yeye mwenyewe hakujivunia baadaye. Alikwenda kwenye rafu ya Jochen, akaanza kupekua.

Aliinua matambara, akafungua mikebe. Katika mkebe wa tatu akakuta unga wa msasa, mweusi, mzito. "Nimekupata," akanong'ona. Akauchukua kwenye kidole, akausugua, akaona meno ya Jochen yakicheka nyuma ya kila punje. Kisha akakumbuka kwamba kwenye mfuko wake mwenyewe umo mkebe kama ule. Na Heiner anao. Hakuna fundi asiye nao. Akaurudisha, akajifuta kidole kwenye sketi, akaona aibu. Lakini shaka haikutoka. Ilihama tu, ikamwendea Heiner: je, si yeye anayelalamika kila wiki kwamba anataka ghala lake libaki la viazi? Ikamwendea Burkhard: kwa nini ufunguo awe nao yeye? Akajiona anawapanga rafiki zake kama washitakiwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na kosa lililomkaa vizuri.

Alipokwisha kuwashuku wazima wote, wakabaki wafu.

Akageuka akatazama meza ya pembeni. Pale, chini ya kioo, juu ya kitambaa cha mahameli, palikuwa na sanduku la gia la kulia.

Volkmar alipenda kusimulia mezani habari za masanduku yale. Wabunifu wa kifaru kile walikuwa na haraka, adui amewatangulia. Walikichora kiwe chepesi. Kisha wakubwa wakataka chuma kinene zaidi mbele, na tena kinene zaidi, uzito ukapanda, ila masanduku ya mwisho yakaachwa vilevile, na meno ya kawaida yaliyonyooka, kwa kuwa mashine za kuchonga gia bora zilikuwa chache. "Umempa mwili wa fahali, ukamtia magoti ya mbuzi," Volkmar alikuwa akisema, na watu wanacheka kila mara kama wanasikia kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana siku yalipopatikana masanduku mawili mapya, kushoto na kulia, katika ghala la mzee mmoja huko Bohemia, nchi ya Wacheki, yamo bado kwenye makasha yake ya mbao, yamepakwa grisi ya kiwandani, yamefungwa kwa waya wenye lakiri ya madini ya risasi, muhuri wa kuonyesha hayajafunguliwa, na juu yake chapa ya mkaguzi wa jeshi la enzi zile, Burkhard alitoa leso akafuta macho. Watu wa chama kile wana imani moja: kitu kilichotoka kiwandani hakiguswi. Rangi ya zamani huoshwa kwa pamba. Parafujo yenye kutu hutunzwa kama jino la babu. Basi nani angethubutu kuvunja lakiri? "Mkaguzi wa wakati ule alishakagua," Burkhard alisema. "Sisi ni nani?" Hakuna aliyebisha. Hata Almut hakubisha.

La kushoto walilihitaji, maana la zamani lilikuwa na ufa. Almut ndiye aliyekata waya wake, wengine wakiwa kwenye sherehe ya zimamoto. Akamimina mafuta kwenye tundu, akajaribu bolti za kifuniko kwa spana akakuta zimekaza, akachora mistari yake ya njano. Kifuniko hakukigusa. La kulia halikuhitajika, likawekwa chini ya kioo. Wageni walitoka mpaka Uholanzi kuja kuiona lakiri yake nzima.

Almut aliegemeza mikono kwenye kioo. "Gia ni gia," akasema, kwa sauti ya baba yake. Kisha akaenda kukata keki.

Walikaa kuizunguka meza ndefu, vikombe mbele yao. Keki haikuguswa, na Wajerumani wa upande ule wakikataa keki ya plamu, ujue mambo yameharibika. Burkhard akasoma hoja. Akampa Jochen nafasi.

"Mimi sina maneno mengi," Jochen akaanza, na hiyo huwa dalili ya maneno mengi. "Mistari ya nani? Njano. Nani alikuwa peke yake siku ile? Yeye. Nani hakutaka kitembee? Yeye. Watu wamevunjika migongo hapa miaka yote, mtu mmoja anakuja na konzi ya kokoto! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Kwetu kilikuwa kinatuletea keki."

"Jochen, heshima," Burkhard akasema.

"Heshima ipi? Nimemwita mwizi? Sijamwita mwizi."

"Umebakiza hilo tu," Heiner akasema.

"Wewe mzee, kaa na viazi vyako."

"Viazi vyangu vinanyeshewa kwa sababu ya dude lenu!"

Burkhard akagonga kikombe kwa kijiko. "Bi Dippel. Una la kusema?"

Almut akasimama. Watu walitegemea atalia au atatukana. "Mimi sikutia kitu," akasema. "Najua kila mtu angesema hivyo. Basi sitawaomba mniamini. Naomba kitu kimoja. Mlifungue la kulia."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Kisha Burkhard akageuka rangi. "La kulia? Lile?"

"Lile. Yalitoka kiwanda kimoja, yakaja katika safari moja, yana chapa ya mkaguzi mmoja. Lile hakuna aliyeligusa, si mimi, si nyinyi. Likiwa safi ndani, nitachukua mfuko wangu na kwenda zangu, hamtahitaji hata kura. Likiwa chafu, basi uchafu ni wa zamani."

"Haiwezekani." Burkhard alikuwa amesimama bila kujijua. "Almut, ile ni lakiri ya mwisho. Pengine hakuna nyingine duniani. Ukishaikata imekwisha, haishonwi! Tutabaki na nini?"

"Tutabaki sisi," Heiner akasema kutoka upande wa dirisha.

"Wewe usidakie!"

"Nadakia. Ghala ni langu."

Wanachama wengine wakaanza kunong'ona. Wengi walikuwa upande wa mwenyekiti. Ungeona wanalitazama lile sanduku chini ya kioo kama watu wanaotazama mtoto aliyelala. Almut akahesabu nyuso, akajua ameshindwa. Hapo Jochen akacheka.

"Lifungueni," akasema.

Kila mtu akamgeukia.

"Nasema lifungueni! Anacheza kamari huyu. Anajua Burkhard hatakubali kuikata lakiri yake, ili akienda aende analalama kaonewa, kijiji kizima kimwonee huruma. Mimi namjua. Lifungueni aone safi yake, aende bila hadithi." Akainua mkono. "Kura yangu ni ndiyo."

Heiner akainua. Na wale waliozoea kumfuata Jochen wakainua, mmoja akimtazama mwenzake, mpaka Burkhard akabaki na mikono yake mezani kama mtu aliyepokonywa uma. Basi hivyo ndivyo Almut alivyopata alichokitaka: amepewa na mtu aliyemshuku kuliko wote.

"Sharti langu," Almut akasema. "Mimi sisogei. Afungue Jochen mwenyewe. Mimi nasimama hapa kwenye mlango mdogo, mikono mfukoni, na Heiner asimame nami anitazame."

"Nikutazame nini?" Heiner akauliza.

"Mikono."

"Haya. Naitazama. Ina vidole."

Wakaondoa kioo. Burkhard akaomba akate waya yeye mwenyewe. Alichukua koleo, akashika lakiri kwa vidole viwili, na koleo ilipouma mlio wake ulikuwa mdogo sana, kama kukatika kwa uzi. Akaitia ile risasi mfukoni mwa shati, akarudi kukaa. Jochen akafungua bolti, moja moja, akizipanga mezani. Akainua kifuniko.

Ndani grisi ilikuwa imeganda, ya manjano, ngumu kama nta. Jochen akaikwangua kwa kijiko cha mti, akaipitisha vidoleni mwake, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akakwangua tena. Meno ya gia yakatokea, safi, yanang'aa kama yamechongwa jana. Hapana kokoto. Hapana unga. Akafika chini kabisa, akafuta kwa kitambaa, akakiinua kitambaa juu ili wote waone.

"Safi," akasema. "Kama meza ya padri."

Almut akakitazama kitambaa kile. Alikuwa ameamini kweli kwamba uchafu ni wa zamani. Sasa ameahidi mbele ya wote, na mlango uko nyuma yake, na mfuko wake uko sakafuni. Burkhard hakumtazama. Wengine wakaanza kusogeza vikombe vyao, kama watu wanaosubiri mtu aondoke wapate kupumua. Akainama kuushika mfuko.

"Wacha angalau tulizungushe," Jochen akasema, kwa furaha. "Tangu lichongwe halijazunguka. Sikilizeni uzuri wake."

Akashika shafti kwa mikono miwili, akaizungusha.

Krrr.

Akaacha. Akazungusha tena, polepole. Krrr. Uso wake ukabadilika. Alikuwa fundi kabla ya kuwa mwenye kinyongo, na fundi hawezi kusikia sauti ile akajifanya hajaisikia. Akachukua spana, akavua kifuniko kidogo cha ubavuni, akavuta beringi kwa chombo cha kung'olea. Beringi ikatoka kwa shida, na nyuma yake, mahali ambapo macho hayafiki na mkono wa mkaguzi haufiki, palikuwa na donge la grisi iliyogandamana kuwa jiwe. Ndani ya donge: kokoto, unga mweusi, na kipande cha gunia kilichosokotwa ili kuzishika mpaka siku ya kazi.

Jochen alijaribu kukichomoa kwa kucha. Hakikutoka. Grisi ilikuwa imekishika kwa miaka yote hiyo.

Wote walijua ni nani waliokuwa viwandani wakati ule. Watu waliotekwa Poland, Ukraine, Ufaransa, Uholanzi, waliolala kwenye vibanda na kula maji ya kabichi, na ambao wangenyongwa kwa kokoto moja. Mmoja wao alikuwa amekisokota kipande kile cha gunia kwa vidole vyake, mlinzi akiwa hatua chache tu.

"Na mkaguzi," Burkhard akasema, akipapasa ile lakiri mfukoni mwa shati. "Alipiga chapa."

"Alipiga," Almut akasema.

"Hakuona?"

Almut akamfikiria baba yake, aliyetengeneza gia katika kiwanda cha vifaru wakati uleule, na supu, na miaka yote ya neno lile moja. Makaburi ya Kassel hayahojiwi. "Labda hakuona," akasema. "Labda aliona."

Jochen alikuwa bado ameshika beringi. Hakuomba radhi; si mtu wa hivyo, na mwenye kumngoja aombe radhi bado anangoja. Lakini macho yake yalitoka kwenye donge yakaenda kwenye kifaru, yakapanda kwenye deraya, lile ganda lake nene la chuma, yakashuka kwenye magurudumu.

"Sanduku la gia kubwa," akasema. "Nani alilifungua?"

"Hakuna," mmoja akajibu. "Lilikuwa na chapa."

"Pampu za mafuta?"

"Zilikuwa na chapa."

"Beringi za magurudumu?"

Wakatazamana. Miaka yote walikuwa wamekizunguka kile chuma kwa pamba na upendo, na sasa hapakuwa na parafujo hata moja waliyoiamini.

"Nyinyi," Heiner akasema, "msiniambie mnaanza upya."

"Tunaanza upya," Jochen akasema. "Kila kitu. Mbele ya watu wawili, mmoja afungue, mmoja atazame." Akamgeukia Almut, akamwangalia kwa jicho lilelile la asubuhi, jicho lisilomwamini mtu, ila safari hii halikuwa limemlenga yeye. "Njoo ushike huku. Mimi peke yangu sijiamini."

Almut akatoa mikono mfukoni, akaenda.